Bwana Lobo Alipokwenda Baringo Kumpiga Tai

Tangu nirudi kutoka Baringo sijaweza kushona pindo moja bila kusimamishwa. Mtu analeta suruali ipunguzwe kiunoni, nampima, naye badala ya kusimama wima ananiinamia sikioni: "Zakaria, ni kweli mlikula mbuzi wa watu kwa uongo?" Jamani, haukuwa uongo. Kilikuwa Kiswahili. Ndiyo maana nimeamua kuandika yote mara moja, ili atakayeuliza nimpe karatasi asome huku mimi nikikanyaga cherehani yangu kwa amani.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa nguo, Mmaragoli wa kuzaliwa na mkazi wa Bondeni hapa Nakuru. Cherehani yangu iko barazani mwa duka la picha la Bwana Lobo. Bwana Lobo ni Mgoa, mfupi, ana tumbo la kiasi na kofia ya kitani asiyoivua ila kanisani. Ninyi nyote mmepigwa picha naye. Mmesimama mbele ya lile pazia lenye maporomoko ya maji, mmevaa koti lake moja la kijivu, na wale wembamba nimewabana kwa pini mgongoni ili lionekane ni lenu.

Safari yenyewe ilianzia sakafuni mwa duka hilo. Siku moja aliingia mkulima wa Kizungu amebeba tai aliyempiga risasi shambani kwake. Alitaka picha akiwa amemshika, mabawa yametandazwa. Ndege mkubwa! Ilibidi tusogeze viti. Shingo ilikuwa ikilegea, basi Bwana Lobo akaipitishia waya nyuma na kuiinua, mpaka tai akaonekana kama anatazama mbali. Mzungu alifurahi, akaenda zake na ndege wake. Bwana Lobo akachukua kitambaa, akapiga magoti, akafuta damu sakafuni mwenyewe, ingawa mfagiaji alikuwa amesimama pale pale na ndoo.

"Zakaria," akaniambia, "leo mimi piga picha maiti, halafu danganya watu iko hai."

Baada ya hapo hakutania mtu kwa muda mrefu. Kisha mchuuzi mmoja wa mbuzi akamweleza kwamba kule Baringo, kwenye ukuta wa mwamba ulio juu ya ziwa, kuna tai weusi wenye alama nyeupe mgongoni, na kiota chao mtu anaweza kukiona akilala kifudifudi ukingoni. Bwana Lobo akanunua turubai siku ile ile. Alitaka hema dogo la kujificha, lenye rangi ya jiwe. Turubai ilikuwa ya kijani. Niliichemsha na majani ya chai, nikaisugua matope, nikaishona. Alipoiona akasema, "Sasa wewe kuja pia. Ikipasuka huko, nani shona?"

Habari za vibali sitawachosha nazo. Mnajua miaka hii ya Hali ya Hatari mtu hatoki hata kwenda kuoga bila karatasi.

Nakuru hadi Mogotio

Gari lilikuwa pikapu ya ndugu yake, muuza mboga. Lilinuka vitunguu, na harufu hiyo haikutuacha mpaka mwisho. Kila tuliposimama, akina mama walikuja na vikapu kuuliza bei. Pale penye njia panda ya mashamba ya mkonge mama mmoja hakukubali kwamba hatuna vitunguu. Alipanda nyuma akakagua mwenyewe, akafunua hema langu, akalinusa, akashuka akisema kwamba Wahindi siku hizi wamekuwa wajanja.

"Mimi Mgoa," Bwana Lobo akasema kwa upole.

"Goa ni karibu na Kisumu?"

"Mbali kidogo."

Bwana Lobo huendesha gari kama anavyopiga picha. Anasimama, anatazama, anarudi nyuma, anatazama tena. Magari ya ng'ombe yalitupita. Tulipoanza kuteremka, na baridi ya Nakuru ikabaki nyuma, alianza kuzungumza na gari kwa Kigoa, kwanza kwa kubembeleza, halafu kwa ukali. Gurudumu lilipopasuka alinyamaza kabisa. Nilibadilisha gurudumu mimi, naye akanishikia kofia yake juu ya kichwa nisichomwe na jua. Ndiyo mara pekee nimeiona nje ya kichwa chake.

Tulifika mtoni Mogotio tukitarajia kuvuka tupate chai ng'ambo. Mto haukuwa na habari na sisi. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, na maji yalikuwa mekundu, yamebeba magogo, yanapita juu ya kivuko.

Tulivyosubiri mto

Tulikaa pale siku kadhaa. Tulikuwa wengi: wafanyakazi wa mkonge wanaorudi makwao, wenye mbuzi, na dereva mmoja wa lori la chumvi na sukari aitwaye Hamisi, mtu wa maneno mengi, ambaye alikuwa amelala chini ya lori lake kama aliyezaliwa hapo. Mama mmoja alipika ugali na kunde kwenye sufuria kubwa, akatulisha sote. Bwana Lobo alikula kwa mkono vizuri, ila kila sahani aliitilia achari yake ya maembe mabichi kutoka kwenye chupa aliyoilinda kuliko kamera. Hamisi akaomba kuonja. Alionja kijiko kizima. Akasimama, akatembea mpaka ukingoni mwa mto, akakaa huko kwa muda. Aliporudi, macho yakimtoka machozi, akauliza, "Sasa bwana anayekula moto namna hii anakwenda wapi?"

"Baringo," Bwana Lobo akajibu. "Mimi kwenda piga tai."

Mnaona lile neno. Mimi nilisikia, nikaelewa, kwa sababu nimemzoea. Dukani husema hivyo kila siku: "Leo mimi piga bibi harusi," "Kesho mimi piga mapadri wote," na hakuna aliyewahi kukimbia. Haikunijia kwamba Hamisi hakuwa amemzoea.

"Tai wale wa mwambani?" Hamisi akauliza.

"Hao hao. Wote wawili. Na mtoto, kama iko."

Hamisi akamtazama kwa heshima mpya.

Maji yalipopungua lori lilivuka kwanza, maana lilikuwa refu. Sisi tulisukumwa na watu wa mkonge. Bwana Lobo hakukubali sanduku la dawa za kusafishia picha libaki garini. Alilibeba kichwani juu ya kofia, maji yakimfika kifuani, akitembea kama bibi harusi. Kijana mmoja wa mkonge aliyemshika mkono akamuuliza sandukuni mna nini.

"Dawa."

"Ya hao tai?"

"Ndiyo. Bila dawa, tai haiwezi toka."

Kijana huyo naye alipanda lori la Hamisi. Kwa hiyo habari zetu zilikwenda mbele yetu, zikiwa zimeshiba chumvi na sukari.

Mogotio hadi Marigat

Huko njia ni vumbi jekundu, vichuguu virefu kuliko mtu, na miti ya miiba. Joto linakaa juu yako kama blanketi la mgonjwa. Lakini watu! Sijawahi kupokewa hivyo. Wazee walisimama kando ya njia wakainua fimbo. Tulipopumzika chini ya mti, mwanamke tusiyemjua alileta asali ndani ya kibuyu, akamkabidhi Bwana Lobo kwa mikono miwili. Marigat mwenye duka alitupa viti kabla hatujashuka, akatuletea maziwa ya mgando yenye majivu ya kuyatia ladha, akakataa tumshukuru.

"Bwana, ni sisi tunaokushukuru wewe," alisema.

Bwana Lobo alikuwa amevimba kwa furaha. Alinywa maziwa, akajifuta masharubu, akanigeukia. "Unaona, Zakaria? Watu ya hapa napenda picha sana kushinda watu ya Nakuru."

Nami nilimwamini. Nilikuwa nimeshiba asali, ningeamini lolote.

Chini ya mwamba

Ziwa Baringo tuliliona jioni, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na upande wetu ule ukuta wa mwamba umesimama mweusi. Chini yake palikuwa na boma, na nje ya boma watu wengi, na katikati ya watu mbuzi anachomwa.

Aliyetupokea ni Komen, mwanamume mrefu wa makamo aliyevaa koti la jeshi bila shati. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita, akafika hata Bama kupigana na Wajapani, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri cha kambini. Alimpigia Bwana Lobo saluti. Bwana Lobo, asijue la kufanya, akainua chupa ya achari.

Mwenye boma na mwenye mbuzi alikuwa shemeji yake, mjane aitwaye Kobilo. Mwanamke mwembamba, shanga shingoni, macho makali. Alikuwa amezoea kuuza mbuzi mnadani, kwa hiyo Kiswahili alikijua, na kilikuwa Kiswahili cha mnadani, kisicho na maneno ya kupoteza. Alimtazama Bwana Lobo kuanzia kofia hadi viatu.

"Ni huyu?" akamuuliza Komen.

"Ndiye."

"Haya. Ale kwanza."

Tulikula. Nyama laini, mbavu zenye mafuta, ugali, na maziwa. Komen akasimama akatoa hotuba. Akasema tai wale wamemaliza watoto wa mbuzi wa Kobilo. Akasema watu walikuwa wamekusanya kuni ili wamteremshe mtu kwa kamba akachome kiota na kinda lake, lakini kamba ilikuwa ya kutia shaka na hakuna aliyejitolea, hata yeye Komen aliyeona Bama. "Na sasa," akasema, "Mungu ametuletea fundi wa kuwapiga."

Nilikuwa na ubavu mdomoni. Uliacha kuwa na ladha.

"Bwana," nikanong'ona, "wanadhani umekuja na bunduki."

"Bunduki ya nini?"

"Ya kuwapiga tai."

"Lakini mimi nakuja piga tai."

"Ndiyo, bwana. Ndiyo shida yenyewe."

Alielewa polepole. Komen, kwa bahati mbaya, alikuwa tayari akiomba kuiona silaha. Bwana Lobo hakujua njia nyingine ila kufungua sanduku. Akatoa lenzi yake ndefu, ile nyeusi, nene kama paja la mtoto. Watu wakanong'ona. Komen akaipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akachungulia ndani.

"Hii hata Bama sikuiona," akasema. "Risasi inaingilia wapi?"

"Haina risasi," Bwana Lobo akasema. "Inaingia mwanga tu."

Nikasimama mimi, maana niliona Kiswahili chake hakitatuvusha. Nikaeleza picha, duka, pazia la maporomoko, kila kitu. Nikasema neno *picha* mara nyingi kuliko ninavyosema jina la Bwana wakati wa sala. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alitazama mifupa ya mbuzi chini, akatazama matumbo yetu.

Kobilo ndiye aliyeongea. "Umekula mbuzi wangu. Tai wamekula mbuzi wangu. Sasa tofauti yenu ni nini?"

Bwana Lobo akavua—hapana, nimekwisha sema haivui. Akaishika kofia yake. "Mama," akasema, "wewe umeona tai nachukua mbuzi?"

"Nimeona kivuli kinapita. Nikihesabu, mmoja hayupo. Nahitaji kuona nini tena?"

"Mimi naweza ona. Mimi kaa juu pale, siku zote. Kila kitu tai naleta nyumbani yake, mimi piga. Piga *picha*. Halafu wewe angalia. Kama naleta mbuzi tu, basi, kuni iko."

"Utapanda kule juu? Wewe?"

Watu wote wakamtazama tumbo.

"Mimi panda," akasema Bwana Lobo, na mimi peke yangu nilijua kwamba mtu huyu, akibadilisha taa dukani, huniita nimshikie kiti.

Kobilo akaokota kijiti, akachokoa moto. "Basi panda. Kuni hazitakimbia."

Juu ya mwamba

Tulizunguka kwa nyuma, ambako mbuzi hupita, Komen akitangulia na mimi nikisukuma. Sitasema nilisukuma nini. Tulipofika ukingoni Bwana Lobo alilala kifudifudi, akafumba macho, akajivuta kwa viwiko mpaka nilipokuwa nimesimamisha hema. Akaingia bila kufumbua. Nilimwekea jicho la kamera mbele ya uso, na alipolichungulia hofu ikamtoka. Kupitia lenzi, alisema baadaye, kule chini ni picha tu, na picha hazijawahi kumuangusha.

Kiota kilikuwa kwenye rafu ya mwamba kuvuka ufa mmoja, rundo la vijiti kubwa kama kitanda. Ndani yake kinda moja, manyoya meupe yameanza kuchanganyika na kahawia, baya, lenye hasira, kama mzee aliyeamshwa. Tai wa kwanza alipotua nilisahau kupumua. Alipita karibu hata nikasikia upepo wa mabawa yake kwenye turubai. Mweusi ti, na pale mgongoni weupe kama mtu amemwagiwa unga.

"Zakaria," Bwana Lobo akanong'ona, "hii haina waya shingoni."

Tulikaa siku baada ya siku. Ndani ya hema mlikuwa na joto la jiko, na turubai yangu, niseme kweli, ilirudisha harufu yote ya chai na matope. Mimi nilishona ilipopasuliwa na upepo. Bwana Lobo alipiga kila kilicholetwa, na kilicholetwa kwa wingi kilikuwa pimbi, yule mnyama wa mawe asiye na mkia, mkubwa kama sungura, anayejaa kwenye majabali yale na kula majani kama mbuzi.

Kusafisha picha kulikuwa vita vingine. Dawa inataka giza na maji baridi, na Baringo haina vyote viwili. Kobilo alitupa kibanda chake cha kuwekea ngozi. Niliziba kila tundu la ukuta kwa blanketi, nikashona giza lenyewe, naweza kusema. Maji tuliyatundika usiku kucha kwenye mfuko wa turubai, na alfajiri, yakiwa bado na ubaridi, tulifanya kazi haraka kama wezi. Picha tulizichapa kwa jua, ndogo kama kiganja.

Asubuhi moja nilikuwa namshikia sahani ya dawa, nikaona umbo linajitokeza. Tai anatua, kucha mbele, na kwenye kucha mnyama. Nikasema moyoni, pimbi mwingine. Halafu yakaja masikio. Pimbi ana masikio madogo ya mviringo. Haya yalikuwa marefu, yananing'inia.

Nje nilisikia mbuzi wakitolewa bomani, na Kobilo akiwaita mmoja mmoja.

"Bwana," nikasema, "hii imeingia ukungu, sivyo? Naona kama imeharibika. Zinaharibika nyingi na joto hili."

Aliinua sahani karibu na taa yetu nyekundu ya kusafishia picha, akaitazama kwa muda mrefu.

"Haina ukungu. Kila unyoya naonekana. Hii ndiyo nzuri kushinda zote." Na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetangaza msiba.

"Hatuna lazima ya—"

"Zakaria, mimi natoka Nakuru sababu picha moja ya uongo. Napita mto, napanda mlima kwa tumbo. Sasa nafanya ya pili?"

Akaiosha, akaitundika ikauke pamoja na zile nyingine.

Kobilo aangalia picha

Tulifunga kamba kati ya miiba miwili, tukabana picha zote kwa pini zangu. Watu walikuja. Komen alikuwa amesimama kando ya lundo la kuni kama mlinzi wa ghala. Kobilo akaanza upande mmoja, akienda taratibu, uso karibu na karatasi.

"Huyu?"

"Pimbi," nikasema.

"Na huyu?"

"Pimbi."

"Huyu hana kichwa."

"Pimbi asiye na kichwa, mama."

Watu walicheka kidogo. Akaendelea. Mzee mmoja akasema, kumbe pimbi ni wengi hivyo, ndiyo maana majani ya upande ule hayaoti. Kobilo alikuwa amefika penye ile picha ya masikio.

Kicheko kikafa chenyewe. Alitazama, akagusa masikio yale kwa kidole.

"Huyu ni wangu. Mama yake bado anamlilia."

Bwana Lobo alisimama mbele yake mikono imelegea. "Ndiyo, mama."

"Ungeweza kuitupa hii."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukuitupa?"

"Sababu ilitokea."

Komen akainama, akachukua mzigo wa kwanza wa kuni begani. Nilimtazama Bwana Lobo. Alikuwa akitazama mwamba, na midomo ilikuwa ikicheza bila sauti. Nafikiri alikuwa anasali Kigoa.

Lakini Kobilo hakuwa amemaliza kamba. Ilibaki picha moja. Ilipigwa adhuhuri, saa ambayo mimi nilikuwa nimelala hemani kwa joto na Bwana Lobo alikuwa amekataa kulala. Tai jike amesimama ukingoni mwa kiota, mgongo kwa jua, mabawa ameyafungua nusu kama mtu aliyeshika mwavuli mzito. Mdomo wake uko wazi kwa kiu. Chini yake, ndani ya kivuli, na ndani ya kivuli tu, kinda limelala.

Kobilo alikaa hapo muda mrefu kuliko penye mbuzi wake.

"Anafanya nini?"

"Anamzibia jua," nikasema. "Bwana Lobo ameniambia alisimama hivyo mpaka jua lilipozunguka mwamba. Hakuondoka hata kunywa maji."

Aliinua mkono, akautandaza juu ya macho yake, akatazama kule juu ambako kiota hakionekani kutoka chini. Alipoongea hakuwa akiongea na sisi.

"Mwaka wa ukame, mwanangu Chebet alipougua, nilimlaza kando ya njia tukingoja lori litupeleke hospitali. Hakukuwa na mti. Nilisimama hivi na shuka, kutoka asubuhi." Akaushusha mkono. "Mkono unauma, jamani. Watu hawajui mkono unavyouma."

Chebet mwenyewe, msichana mkubwa sasa, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa amesimama miongoni mwa watu. Aliangalia chini.

Kobilo akabandua picha ile kutoka kwenye kamba, akaitia ndani ya nguo yake kifuani. Halafu akageuka, na sauti ya mnadani ikarudi.

"Watoto wa mbuzi watakaa bomani mpaka yule ndege mdogo aruke. Tutawakatia majani. Wewe Komen, unakwenda wapi na mzigo huo? Hizo kuni ni za kupikia."

Komen akazishusha. Kwa uso wake, sidhani alisikitika. Ile kamba bado ilikuwa ya kutia shaka.

Kurudi

Kabla hatujaondoka Bwana Lobo alitumia filamu yake ya mwisho kumpiga picha Kobilo mwenyewe (sasa hata yeye alikuwa amejifunza kumalizia neno). Kobilo alikataa kucheka. Alisema tai hakucheka.

Njiani hatukupewa asali. Habari zilikuwa zimesafiri tena, na watu hawakujua watupokee vipi watu waliokwenda kupiga tai wakawaacha wazima. Marigat mwenye duka alitutazama, kisha akaomba aonyeshwe picha. Alizitazama zote, akaita mkewe, akaita jirani. Viti vikaletwa. Bwana Lobo akaeleza kila moja kwa Kiswahili chake, na ajabu ni kwamba walimwelewa. Mogotio mto ulikuwa umekauka kama haujawahi kuwepo. Mama wa kunde alituuliza kama tulifanikiwa. Bwana Lobo akasema, "Mama, mimi sijui bado."

Hapa Nakuru mmeona wenyewe dirisha la duka. Picha ile ya kivuli ameichapa kubwa, iko katikati, na bibi harusi wote wamesogezwa pembeni, jambo lililoleta malalamiko. Watu wanasimama. Mwalimu mmoja alileta darasa lake lote, wakaziba baraza nisipate mwanga wa kutunga uzi. Mkulima wa Njoro mwenye kiota cha tai kwenye miti yake aliingia, akasema atamwambia mlinzi wake asiwapige tena. Nilimuuliza ni kupiga kwa namna gani, ili niwe na hakika. Akasema kwa risasi. Nikamwambia kama ni hivyo, vizuri.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, lakini wiki iliyopita lori lilisimama mbele ya baraza na Hamisi akashuka, vumbi mpaka kwenye kope. Alisema amebeba maneno ya Kobilo, na ameyakariri njia nzima asipoteze hata moja. Bwana Lobo akatoka dukani, kitambaa cheusi cha kamera bado kiko begani, amemwacha mteja ndani kwenye koti la kijivu. Hamisi akasimama wima, akafumba macho, akasema kwa sauti ya mnadani kabisa:

"Mwambie Mgoa mtoto ameruka. Alizunguka juu ya ziwa mpaka shingo zikatuuma. Tukafungulia mbuzi. Siku ya pili mama yake akashuka akachukua mmoja wangu, mweupe, niliyempenda. Nimemtukana, nimemtukania na mwanawe, mpaka sauti ikakauka. Moto sikuwasha."

Bwana Lobo akamuomba Hamisi arudie maneno yale mawili ya mwisho. Hamisi akarudia. Akamuomba tena.